Yake Mwenyewe

Friji ilipofika kwa mama mkwe wangu, nilinuna wiki nzima. Sikuwa na haki ya kununa, najua. Mama ana kisukari, na dawa yake ya kujidunga haitaki joto, na chumba chake kiko chini ya bati tupu, mchana kinawaka kama tanuri. Lakini na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka yote hiyo nikihifadhi maziwa ya watoto kwenye beseni la maji, kila asubuhi nayanusa kabla sijayachemsha. Kwa hiyo mume wangu aliporudi jioni ile anapiga mluzi, nilimwekea chakula mezani bila kumwangalia.

"Mama Watoto, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wenye mama zao wameshapata friji."

Akacheka. Alikuwa na kicheko fulani cha kumaliza ugomvi, unajikuta na wewe unacheka na hasira bado iko kifuani. "Zamu yako itafika," akasema. Nikampakulia tena, nikijiambia kwamba mwanamume anayemjali mama yake hawezi kumtupa mke.

Mtaa mzima ulimwita Futi. Alikuwa mkaguzi wa majengo wa mji, na futi yake ya chuma haikumtoka kiunoni hata siku ya harusi yetu. Mimi ni fundi cherehani, futi yangu ya kitambaa imekaa shingoni tangu nikiwa msichana. Watu walitutania kwamba nyumba ile mtoto akizaliwa anapimwa kwanza ndipo anakatwa kitovu.

Dada yake, wifi yangu, anafanya kazi katika ofisi inayotunga kamusi. Tunamwita Nukta, kwa sababu akimaliza kubishana husema "nukta", na baada ya hapo hata umletee malaika habadiliki. Yeye na mimi tumechokozana miaka kama ilivyo ada ya mawifi. Yeye alinisahihisha maneno mbele ya wateja wangu. Mimi nikampunguzia sketi nusu inchi kiunoni, akaja kwangu anahema. Tulipendana hivyo hivyo.

Halafu soko jipya likaanguka. Ghorofa ya juu ilishuka juu ya ile ya chini, asubuhi, wauza mboga wakiwa wanapanga bidhaa zao. Watu walikufa. Mmoja wao alikuwa mteja wangu, na gauni lake lilikuwa bado limening'inia dukani kwangu, limebakia kutiwa vifungo tu. Sikuweza kulitoa pale, na sikuweza kulitazama.

Aliyetia sahihi kwamba jengo lile ni salama alikuwa mume wangu.

Alinieleza siku ile ile, amekaa kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa mgonjwa. Nguzo hazikuwa na chuma cha kutosha. Alimwambia Mkurugenzi wake, akarudia kumwambia. Siku moja Mkurugenzi akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akasimama hapo. Akasema kuna watu wengi wenye vyeti wanaokitamani kiti cha Futi.

"Nikatia sahihi," Futi akasema.

"Walikupa nini?"

"Sikula hata senti yao. Wallahi, mke wangu. Hata senti."

Nilimwamini. Na mpaka leo, pamoja na yote, nasema hakunidanganya.

Wakakamatwa wote wawili, yeye na Mkurugenzi. Mkandarasi aliyejenga alikuwa ameshavuka mpaka. Mkurugenzi alitoka kwa dhamana jua halijazama, Futi akakaa ndani mpaka nilipouza cherehani yangu moja. Gazeti liliandika neno FISADI kwa herufi kubwa kuliko sura zao. Shuleni watoto wangu wakageuka watoto wa fisadi. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa ambacho nilikuwa hata sijakigusa kwa mkasi, akasema, "Si kwamba nina neno na wewe, mama." Nikamkunjia vizuri, nikampa. Alipotoka nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kumkunjia vizuri.

Mama hajui kusoma. Habari aliletewa na jirani, na majirani hawakosi muda wa kazi hiyo. Akanituma nikamwite binti yake.

"Wewe si ndiye unayeandika maneno?" akamwuliza Nukta. "Basi nenda kaliondoe hilo kwa mdogo wako. Sitakufa mwanangu akiwa anaitwa hivyo."

"Mama, neno haliondolewi kama doa. Watu ndio wanao..."

"Kaliondoe."

Nilingoja wifi yangu aseme nukta. Hakusema. Tulipotoka nje alinishika mkono, na hakuwa mtu wa kushikana mikono.

Wakili wetu ndiye aliyetufungulia mlango. Sheria, alituambia, inamwadhibu fisadi lakini haisemi fisadi ni nani. Na hakimu wa kesi yetu ni mtu wa vitabu, kila neno lisilofasiriwa analitafutia kamusi. Kamusi aliyokuwa nayo mezani ilikuwa ya zamani, inasema fisadi ni mtu mharibifu, mwenye kuharibu watu au mambo yao. "Kwa maana hiyo mmekwisha," wakili akasema. "Jengo limeharibika. Watu wameharibika. Mumeo yumo." Lakini kamusi mpya ilikuwa inatungwa katika ofisi ya wifi yangu, na kwa bahati, kama ni bahati, walikuwa wamefika herufi F.

Niliyaona mambo yenyewe kwa macho yangu, maana Nukta alikuwa amenitafutia kazi ya kuwashonea mapazia. Nilikuwa nimepanda kwenye stuli, pini mdomoni, napima madirisha yao. Chumba kina meza moja ndefu, na feni inayotikisa karatasi mpaka kila rundo limewekewa kikombe juu. Mhariri Mkuu huvaa makubazi na soksi, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Wana desturi yao pale, wanaiita kuvalisha. Maana ikishaandikwa, mmoja anataja mtu, na wote wanamwingiza mtu huyo ndani ya maana ile kwa mawazo. Ikimvaa asiyestahili, ni pana mno, inapunguzwa. Ikikataa kumwingia anayestahili, inabana, inaachiliwa. Hakuna neno linaloingia kitabuni bila kuvalishwa watu wawili: mmoja ambaye lisimvae, na mmoja ambaye lazima limvae. Walipokuwa kwenye herufi B walimvalisha Mhariri Mkuu neno bahili, na lilimkaa vizuri hata yeye mwenyewe akaomba lisiguswe tena.

"Kumbe na nyinyi ni mafundi cherehani!" nikawaambia kutoka juu ya stuli, wakacheka.

Nukta akasimama na karatasi yake. Akasoma: fisadi ni mwenye dhamana anayeitumia kujipatia manufaa yake mwenyewe kinyume cha haki.

Mwenzake mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akainua kichwa. "'Yake mwenyewe' ya nini hapo? Anayewanufaisha wengine je?"

"Anayewanufaisha wengine kwa kuogopa ni mwoga," Nukta akajibu. "Neno lake tunalo tayari."

"Mvalishe mtu," Mhariri Mkuu akasema.

"Namvalisha mdogo wangu."

Kila mtu alijua, na kila mtu akajitahidi asitazame dirishani nilikokuwa. Mhariri Mkuu akakuna shingo. "Kwa utaratibu ungetoka nje, bibie. Huyo ni damu yako."

"Nitatoka. Lakini mvalisheni kwanza."

Wakamvalisha. Alikuwa na dhamana? Alikuwa nayo. Aliitumia kinyume cha haki? Ndiyo, alitia sahihi. Alijipatia nini? Wakamtazama Nukta. "Hakujipatia kitu," akasema. "Muulizeni mkewe, maziwa yanalala kwenye beseni." Nikaitikia kwa kichwa juu ya stuli, pini mdomoni, nakubali. Haimvai, wakasema, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa wa pili," akasema yule mama wa miwani. "Tumvalishe Mkurugenzi."

Chai ilikuwa imeshaletwa. Mhariri Mkuu akavuta kikombe chake. "Yule? Yule inamvaa bila hata kupimwa. Nani hajui nyumba zake? Mnataka tupoteze wino?" Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, na pini moja ikanichoma ulimi. Mama wa miwani alitazama karatasi kwa muda, halafu naye akachukua chai.

"Nukta," akasema wifi yangu, akatoka nje kama utaratibu unavyotaka.

Kitabu kilipochapishwa alimletea Mama nakala, akamfungulia ukurasa. Mama akapitisha kidole juu ya mistari kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. "Limeondoka?" akauliza. "Linaondoka, Mama," Nukta akasema. Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Kesi ya Mkurugenzi ilisikilizwa kwanza. Wakili wake alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na alisimama na kitabu chetu mkononi, bado kinanukia wino. Nyumba zile za ghorofa? Za shemeji yake. Mashamba? Ya mpwa wake. Gari analopanda? La kampuni ya mkwewe. "Mheshimiwa, mteja wangu hamiliki hata baiskeli. Hata kitanda anacholalia ni cha mkewe. Naomba mahakama isome maneno mawili tu." Hakimu akafungua nakala yake, akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. Yake mwenyewe. Mkurugenzi akaachiwa.

Nukta alikuwa amekaa kando yangu. "Hatukumvalisha," akasema, polepole. "Hatukumvalisha."

Nyuma yetu alikaa mume wa yule mteja wangu wa gauni lisilo na vifungo. Nilijiandaa atutukane. Hakututukana. Alimwuliza mtu aliyekuwa karibu naye, "Kwa hiyo hakuna aliyefanya?"

Niseme ukweli, aibu niliyokuwa nayo haikuzuia furaha. Sheria ni msumeno, watu husema, hukata mbele na nyuma. Nikawaza: basi na ukate na huku kwetu. Kama mwenye maghorofa ametoka kwa maneno mawili, mwenye kola iliyochakaa mpaka nikaipindua atashindwaje kutoka? Mwendesha mashtaka alikuwa amepekua nyumba yetu mpaka chini ya godoro, akakuta futi.

Mama ndiye aliyetaka kusimama kumtetea mwanawe. Wakili wetu akafurahi, akasema hakuna kinachomlainisha hakimu kama mama mzee. Nilimshonea gauni la buluu lenye mikono mirefu. Akapanda kizimbani, akaapa kwa sauti kuliko alivyotakiwa, akamtafuta Futi kwa macho, akamkonyeza.

"Mama, mwanao ni mtu wa namna gani?" wakili akauliza.

"Mwanangu hana tamaa. Tangu mdogo, ukimpa mkate anakata kwanza wa dada yake. Hilo shati mnaloliona, kola ameipindua mkewe ilipochakaa. Hana kitu huyo."

Wakili alikuwa ameshatosheka, ameanza kukaa. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alikuwa amengoja siku nyingi kuongea mbele ya watu.

"Nyumbani kwake hata friji hana. Mkewe yule pale, anaweka maziwa majini. Lakini mimi dawa zangu zilipokuwa zinaharibika kwa joto, aliniletea mimi mama yake. Akajinyima, akaniletea mimi. Sasa niambieni, fisadi gani anafanya hivyo?"

Mwendesha mashtaka akasimama taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Hongera, Mama. Aliileta mwenyewe?"

"Aibebe na nini? Ililetwa na gari. Lile gari kubwa la yule bwana aliyejenga soko, lenye nyundo imechorwa ubavuni. Vijana wake wakaipandisha mpaka chumbani, wala hawakutaka hata maji ya kunywa. Wakasema ni salamu kwa mama wa mkaguzi." Akageuka kwa hakimu, anatabasamu. "Watu wenye adabu sana."

Futi alikuwa amefumba macho. Wiki nzima niliyonuna ilinirudia, nikajiona mjinga wa kumwonea wivu bibi kizee kwa sababu ya kitu ambacho kilikuwa kinatuzika wote.

Wakili wetu aliruka. "Mheshimiwa, friji ni ya mama! Si yake mwenyewe!"

Hakimu alifikiri kidogo tu. Kumtunza mama, akasema, ni wajibu wa mwana. Anayekubebea mzigo wako amekunufaisha wewe mwenyewe. Akaandika. Maghorofa ya shemeji hayakumnufaisha mtu, friji ya mama imemnufaisha. Maneno yale yale mawili, kitabu kile kile, hakimu yule yule. Mkuki kwa nguruwe. Miaka aliyompa Futi ni mingi kuliko aliyobakiza Mama, na kila mtu mle ndani aliweza kupiga hesabu hiyo isipokuwa Mama, aliyekuwa bado amesimama kizimbani akisubiri kuambiwa ametoa ushahidi mzuri.

Waliniruhusu kumwona kidogo kabla hajapelekwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuihesabu," Futi akasema. "Sikuiomba. Nilikuta imeshafika na mimi nimeshasaini. Ningeirudisha, Mama angekufa na joto lile. Nikasema basi, angalau hilo. Mimi sikula, Mama Watoto."

"Najua hukula."

Nilimwambia hivyo na nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumnyoosha kola.

Nukta aliomba ofisini maneno yale mawili yafutwe. Mhariri Mkuu alimpa pole ya kweli, akamwambia kamusi imeshatoka, wangoje mpaka siku watakaporudi tena herufi F. Mapazia yangu, wifi yangu aliniambia, yanafika chini vizuri.

Nani alimweleza Mama maana ya alichokisema mahakamani, sijui. Nadhani ni majirani. Tulipokwenda kumwona, mimi na Nukta, tulimkuta amekaa kwenye kiti akiielekea friji, kitabu kiko mapajani.

"Nisomee," akamwambia binti yake.

Nukta akasoma. Maneno yake mwenyewe aliyasoma mbio.

"Huyo ni mwanangu?"

Wifi yangu, anayebishana na maprofesa mpaka wanaomba maji, akaanza kufunua kurasa nyingine.

"Na yule mkubwa wake?"

"Mahakama imesema si yeye, Mama."

"Friji iko kwa nani?"

"Iko kwako."

"Nani ananufaika nayo?"

"Mama, usi..."

"Basi anayesemwa hapo ni mimi."

"Hapana, Mama, sikiliza, neno hili linamhusu mwenye dhamana, wewe huna..."

"Nukta," Mama akasema. Sijui alikuwa anamwita au anamaliza maneno. Mama akainuka, akachomoa waya ukutani. Friji ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. Akafungua mlango, akatoa chupa zake za dawa moja moja, akazipanga dirishani kwenye jua.

Tulimsihi, tukalia, Nukta akapiga magoti. Nilizichukua chupa nikazipeleka nyumbani kwangu, nikazitia kwenye beseni kando ya maziwa, lakini kila nilipomrudishia alikataa kudungwa na kitu kilichowahi kukaa mle. Tulimnunulia mpya, akauliza tutaiweka wapi. Sasa ana kidonda mguuni kisichofunga. Daktari ameanza kuzungumzia mguu mzima, na Mama anamsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Hana uchungu na mtu. Hilo ndilo linalonimaliza, angekuwa na uchungu ningekuwa na pa kushika.

Juzi nilimpunguzia lile gauni la buluu. Nilipozungusha futi kiunoni mwake, nusu yake ikabaki mkononi mwangu. Nilimwambia kesho yake nakwenda gerezani, kama ana salamu.

"Usimwambie habari ya friji," akasema. "Akikuuliza, mwambie inagandisha."

Futi amekonda. Kola ya sare yao haina hata cha kupindua. Aliulizia watoto, akaulizia duka, akamwulizia dada yake. Nikaona anazunguka zunguka, halafu akafika alikokuwa anakwenda.

"Na friji ya Mama? Bado inafanya kazi?"

"Inafanya," nikasema. "Inagandisha mpaka tunachomoa barafu kwa kijiko."

Akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu jioni ile aliyorudi anapiga mluzi.

"Basi si haba," mume wangu akasema. "Hata nikiozea humu, si haba."